Baba mkwe anasikiliza sauti yangu akidhani ni ya marehemu mkewe

Habari zenu wapendwa. Admin, naomba unifiche kabisa, maana mume wangu na wifi zangu wanausomaga huu ukurasa.

Mimi ni mama wa miaka 33, tuna watoto wawili, tunaishi Musoma mjini. Mume wangu ni fundi wa redio na muziki. Tunakaa na baba yake, tuliyemchukua kutoka Kiriba baada ya mama mkwe kufariki miaka miwili iliyopita. Mzee haoni kabisa, presha ya macho ilimmaliza.

Mama mkwe alikuwaga mwanakwaya. Aliacha kanda moja tu, amejirekodi nyumbani akiimba peke yake kwa Kijita. Kwenye redio yetu sauti ilitoka nyembamba, mzee akakataa. "Zima. Huyo siyo mke wangu, huyo ni nzi." Hilo lilimuuma sana mume wangu. Akatafuta mpaka akapata huko Bunda priamp ya zamani, kile kiboksi sauti inapopita kabla haijakuzwa. Hii inatumia taa za kioo, zikiwaka zinakuwa na rangi ya chungwa. Akaiunganisha na spika aktivu, zile za kisasa zenye amplifaya humo humo ndani. Mafundi wenzake walimcheka, eti kikongwe na binti wapi na wapi. Lakini siku alipoweka kanda, sauti ya mama ilijaa sebuleni, nene, laini, kama amekaa kwenye kochi. Mzee alivua kofia. Akasema taratibu, "Kumbe ulikuwa hapa?" Sote tulilia.

Ikawa kila siku baada ya chakula cha mchana anasikiliza. Mume wangu alinifundisha: "Mama Furaha, washa priamp kwanza, subiri taa zipate moto, ndipo uwashe spika. Kuzima, anza na spika. Kanda usiiguse sana, hatuna nyingine."

Ni mwezi wa tatu sasa tangu mume wangu apate kazi ya wiki tatu Butiama. Siku ya nne umeme ukakatika wimbo ukiwa katikati. Nikasahau kuzima swichi. Umeme uliporudi spika zilipiga kishindo, nikashtuka, nikakimbilia deki, ile mashine ya kuchezea kanda, nikavuta kanda kwa nguvu. Utepe ulikuwa umenasa ndani. Ukakatika.

Kesho yake asubuhi nilijaribu kuunga kwa gundi. Nikaharibu zaidi, sauti ikawa kama ya mtu anayezama. Mzee kwa siku mbili alikuwa anauliza, "Mwanangu, leo vipi, mama yenu?" Namjibu umeme mdogo. Hali chakula, amekaa tu ameelekeza uso kwenye spika.

Ndugu zangu, nyimbo zile nazijua. Mama mkwe alinifundisha mwenyewe tukianika dagaa, na kanisani watu walikuwaga wanasema tumefanana sauti. Siku ya tatu nilijifungia chumbani, nikajirekodi kwenye simu. Nikaunganisha simu kwa waya kwenye priamp, nikasubiri taa, nikawasha spika. Zile taa zikailainisha sauti yangu mpaka mimi mwenyewe nywele zilisimama. Mzee akatabasamu, akala ugali wote. Nikajisemea ni kwa siku moja tu.

Baada ya wiki akaniambia, "Siku hizi hakohoi." Nikakumbuka, kwenye kanda mama alikohoa kidogo kabla ya ubeti wa pili, kisha akacheka. Nilirudi chumbani nikarekodi upya. Nikakohoa. Nikacheka kama yeye. Mungu anisamehe, hapo ndipo ilipoacha kuwa msaada ikawa uongo.

Mume wangu aliporudi nilimwambia nimehamishia nyimbo kwenye simu ili kanda isichakae. Akasikiliza, akanishika bega: "Unaona? Mama amezidi kusikika vizuri. Ni zile taa. Wale walionicheka waje wasikie." Nikainuka nikaenda jikoni.

Sasa sitoki nyumbani. Biashara yangu ya dagaa nimempa jirani, kwa sababu naogopa mtu mwingine akiwasha ataiomba kanda. Na kibaya zaidi, mzee anaongea na ile sauti. Mimi nakuwa jikoni, nasikia kila kitu. Juzi alisema, "Mke wangu, huyu binti nilimkataa asiolewe na mwanetu, wewe ukamtetea. Ulikuwa sahihi. Sijawahi kumwambia, naona aibu." Nililia huku nimeziba mdomo kwa khanga. Hayo maneno nimeyangoja miaka tisa, na nimeyapata kwa wizi.

Jana mume wangu ametangaza kuwa Jumapili tunafanya ibada ya kumkumbuka mama hapa nyumbani. Wifi yangu wa Bunda anakuja, na wanakwaya wa Kiriba walioimba na mama miaka ishirini. Anataka wote wasikilize. Ameniomba na kanda ile, awatolee nakala ndugu zake. Hao kina mama hawatadanganyika, wataijua sauti yangu kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Kanda yenyewe iko chini ya unga kwenye debe, gundi imeachia, vipande viwili.

Na mzee asubuhi hii ameniita akanishika mkono: "Mwanangu, siku nikifa, muipige sauti hii mkinizika. Niahidi." Nikaahidi.

Kulala silali, kula sili. Zimebaki siku nne. Nishaurini wapendwa, bila matusi. Nianze kumwambia nani, mume wangu au mzee? Na nikishamwambia mzee, kesho baada ya chakula cha mchana atakaa asikilize nini?