Meneja aliyeshinda mechi akakataa kupanda daraja

Saa moja asubuhi, siku ya mechi ya mwisho wa msimu, meneja wa timu yuko juu ya ngazi chini ya jukwaa la uwanja, bisibisi mkononi, anarekebisha taa ya kinyozi.

"Taa ikizima, mteja anakwenda kwingine," anasema akiteremka. "Na mteja akienda kwingine, kipa wangu anakula nini?"

Anasema kwa kicheko, lakini si mzaha. Chini ya jukwaa hili la zege kuna vyumba vinne ambavyo zamani vilikuwa makao ya popo na viti vilivyovunjika. Leo kimoja ni cha kinyozi, kingine cha fundi cherehani, cha tatu ni duka la mabomba, na cha nne ni cha mama anayelea watoto wadogo wakati wazazi wao wako kazini. Kodi ya wapangaji hao inalipa karibu nusu ya mishahara ya wachezaji. Wakati wa mechi kinyozi huzima mashine kila mashabiki wanaporukaruka juu yake, maana ameshawahi kumharibia mtu kichwa kwa sababu ya goli.

Wachezaji wanamwita Shangazi. Ana miaka hamsini na miwili, hana mpwa hata mmoja kikosini, na katika maisha yake hajawahi kupiga mpira ukaenda alikotaka. Kwa miaka mingi alikuwa akikata tiketi getini. Umeneja aliupata kwa njia ya ajabu kidogo: waliokuwa wakiugombania siku zote, siku ulipobaki wazi wote walikuwa wamezima simu.

Walikuwa na sababu. Miaka mitano iliyopita timu ilipanda daraja, na kamati ya wakati huo ikasherehekea kwa kununua basi kwa mkopo. Likapakwa rangi za timu, likazungushwa mitaani kwa honi siku nzima. Hakuna aliyekaa chini kupiga hesabu ya safari. Kule ligi ya juu timu ziko miji ya mbali, na mechi moja ya ugenini, ukijumlisha mafuta, malazi na chakula, ilikuwa inameza mapato ya mechi tatu za nyumbani.

Msimu haujafika nusu, aliyetoa mkopo akalifuata basi lake. Alilikuta limeegeshwa nje ya nyumba ya wageni, akaondoka nalo na jezi zikiwa ndani. Kesho yake timu iliingia uwanjani na vizibao vya mazoezi vya kuazima kutoka kwa wapinzani wenyewe, ikafungwa mabao saba. Wachezaji wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na mwisho wa msimu timu ikashuka na deni lake.

"Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma," anasema Shangazi. "Sisi mpaka leo tunachomoa miiba."

Aliyebaki ni nahodha, beki wa kati ambaye sasa ana miaka thelathini na minne. Msimu ule wa kule juu alikuwa na goti bovu, hakucheza hata dakika moja. Aliutazama wote kutoka jukwaani, mguu umenyooshwa, halafu mwaka uliofuata akarudi uwanjani kuicheza ligi ya chini karibu bure. Ukimuuliza mchezaji yeyote wa hapa nani anastahili kucheza ligi ya juu, atakutajia huyo kwanza.

Ndiyo maana mambo yakawa magumu msimu huu. Timu ilikuwa inahitaji kushinda mechi moja tu ili ipande tena. Wiki chache kabla, Shangazi aliwaita wanachama, akawaambia jambo ambalo mameneja hawasemi: tukishinda, nafasi tuiache. Kanuni zinaruhusu, inakwenda kwa timu inayofuata. Deni la zamani lilikuwa limeisha mwezi huo huo. Akaomba misimu miwili, ajenge vyumba upande wa pili wa uwanja, safari zilipwe na kodi, si na mkopo.

"Timu inayotegemea goli ili ile, siku isipofunga italala njaa," aliwaambia.

Mzee mmoja alisimama akamuuliza ni meneja gani anaogopa kushinda. Shangazi akamjibu kwa upole, "Siogopi kushinda, baba. Naogopa mwezi wa nne baada ya kushinda."

Kura ikaahirishwa hadi siku moja baada ya mechi ya mwisho. Maneno nayo hayakukosa. Wapo walionong'ona kwamba Shangazi angewaambia vijana walegee. Anayemjua hawezi kusema hivyo. Siku hiyo ya mechi, baada ya taa ya kinyozi kuwaka, aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akasimama mlangoni.

"Atakayelegea leo, asinijue," alisema. "Ushindi ni wetu. Mengine tutayazungumza kesho, tukiwa tumeoga."

Walishinda mbili kwa moja. La pili alilifunga nahodha mwenyewe, kwa kichwa, kutokana na kona. Shangazi aliruka mpaka kandambili ikakatika, akamkumbatia shabiki asiyemjua. "Nilifurahi kama kichaa," anakumbuka. "Halafu nikamwona nahodha amepiga magoti pale golini analia. Furaha yote ikaniishia."

Mkutano ulifanyika katika chumba cha mama mlezi, kwa kuwa ndicho chenye viti vingi. Ni viti vya watoto. Wanachama, watu wazima na matumbo yao, walikaa magoti yakiwa usawa wa kidevu, na kwa nusu saa ya kwanza hakuna aliyeweza kukasirika sawasawa. Kisha nahodha akaomba kusema.

"Shangazi, mahesabu yako mimi siyabishii," alisema. "Lakini nina miaka thelathini na minne. Goti langu halijui mambo ya misimu miwili. Naomba tupande."

Shangazi alikuwa na takwimu za kumjibu, na hakuzitumia.

"Una haki, mwanangu," alisema. "Kila mtu ameyasikia yangu, sasa ameyasikia yako. Tupige kura."

Upande wa Shangazi ulishinda kwa tofauti ya kura saba. Nahodha aliinua mkono upande wa pili, juu kabisa, akimtazama usoni, na Shangazi hakukwepa macho yake. Kuna watu wanaoweza kumshinda mtu wanayempenda bila kumdharau, na hapa mjini hawajazi chumba.

"Nililia njia nzima," anasema. "Nilipofika nyumbani mume wangu akaanza kunipa pole, akidhani nimeshindwa. Nikamwambia nimeshinda. Akanichemshia chai."

Siku mbili baadaye, mazoezini, nahodha ndiye aliyetangulia kufika, kama kawaida yake, akaanza kutundika nyavu. Upande wa pili wa uwanja matofali ya kwanza yalikuwa yameshashushwa, na wapangaji watatu wameshalipia vyumba ambavyo havina hata msingi. Shangazi alikuwa anagombana na fundi ujenzi kuhusu saruji. Yeye na nahodha walisalimiana, lakini maongezi hayakuwepo.

Anapoulizwa mpango wake ni upi, Shangazi haanzi na vyumba.

"Tutapanda, na tukipanda hatutashuka," anasema. "Na mechi ya kwanza kule juu, yule anaingia uwanjani. Hata iwe dakika tano. Hata goti liwe limefungwa bendeji. Nimeshamwambia kocha, na kocha akiondoka nitamwambia atakayekuja."

Nahodha ameshapelekewa ahadi hiyo. Anaisikiliza tena akiwa amekaa kwenye nyasi, anafunga kamba za viatu.

"Nilikasirika, na bado sijamaliza," anasema. "Lakini miezi ile tulipokuwa hatulipwi, viongozi wengine walikuwa wanasema kesho, kesho. Yeye alikuwa mkata tiketi tu, halikuwa jukumu lake. Lakini alikuja mpaka nyumbani, akakaa na mke wangu, akamwambia ukweli: getini hakuna kitu, msisubiri. Hajawahi kunidanganya."

Anasimama, analikunja goti, analinyoosha, analikunja tena.

"Kwa hiyo akisema dakika tano, zipo. Kazi yangu mimi ni kulitunza hili."