Chakula cha Jioni Mara Mbili

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo iko katika ofisi moja karibu na Edgware Road, na haikunichukua muda kugundua kwamba ninachokipenda zaidi katika kazi hiyo ni kutoka. Jioni siendi stesheni moja kwa moja. Natembea barabara ile nikisoma menyu zilizobandikwa kwenye vioo vya mikahawa, kwa umakini ambao ningepaswa kuutumia kusomea matangazo ya kazi ya kudumu.

Nikishachagua pa kuingia ndipo maswali yanapoanza. Mtu aliyekuja peke yake anaruhusiwa kukaa meza ya dirishani? Nikiomba maji ya bomba wataniona bahili? Mchuzi huu umetiwa mvinyo? Mhudumu nikimuuliza kama nyama ni halali, akijibu haraka nahisi amejibu haraka mno, na akijibu polepole nahisi anatunga. Halafu chakula kinakuja, nami nasahau yote.

Mara ya kwanza kuingia kwa Waturuki, waliniletea mkate wa moto uliofura kama puto, na vitunguu vilivyochomwa vikalowekwa kwenye maji ya komamanga, kabla sijaagiza chochote. Nilidhani wamekosea meza. Nilikaa nimeutazama mkate ule mpaka ukanywea, nikiogopa kugusa kitu cha mtu. Kwa Wavietinamu nilijifunza kwamba majani mabichi yanayoletwa pembeni ya supu si pambo. Na kwa Waingereza wenyewe kuna kile kitu cha mayai na unga kinachokuja na nyama ya Jumapili, kimevimba pembeni na kubonyea katikati. Nilipokiona mara ya kwanza nilimwonea huruma mpishi, nikijua andazi limemharibikia.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni chakula cha pamoja cha ofisini kwetu. Waliagiza visahani vidogo vidogo vya kula wote. Kila mmoja akakata kipande chake kwa kisu, akiomba radhi. Mwishoni kikabaki kipande kimoja cha samaki katikati ya meza. Kila mtu alikiona na hakuna aliyekigusa. Mhudumu akaja, akauliza kama tumemaliza, wote tukasema tumemaliza, samaki akaenda zake. Nilirudi nyumbani nikimfikiria yule samaki, nikijiona mimi nimetoka kwa watu wanaojua kula pamoja.

Nyumbani ni Hayes, kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Alikuja nchi hii akiwa kijana kutoka Pemba, na sasa anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Anaingia zamu ya alfajiri na alasiri yuko nyumbani. Nikirudi jioni nakuta ameshapika, sufuria imefunikwa, na yeye amekaa kwenye kochi anatazama habari bila sauti. Hajala, kwa sababu mama mdogo hawezi kula peke yake ndani ya nyumba. Aliwahi kuniambia kwamba kula peke yako nyumbani ni kama kujisalimia mwenyewe.

Tunakula kwenye sinia moja, kama kwao. Wali katikati, mchuzi juu, kila mtu na upande wake. Na sinia lina adabu yake, ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha kwa maneno. Mkubwa hainui mkono wakati mdogo bado anakula, kwa sababu akiinua, mdogo ataona haya na ataacha na njaa yake. Mdogo naye hamwachi mkubwa peke yake kwenye sinia. Pale kwa bibi, tulipokuwa watu wanane, haya hayakuwa na shida, kila mara alikuwepo mmoja mwenye njaa ya kweli wa kuwamalizia wengine. Tukiwa wawili tu, adabu hizi mbili zinatazamana na hakuna inayoshinda. Mimi nachota kidogo, yeye anachota kidogo. Anasukuma nyama upande wangu, naisukuma upande wake. Tunaendelea hivyo mpaka sinia linang'aa.

Na mimi nilikuwa nafika kwenye sinia hilo nimeshakula.

Hilo pekee lingetosha kuninyima raha, lakini mama mdogo ana sukari. Mwaka huu imekuwa ikipanda. Nesi alimpigia simu, nami nikakaa karibu kumtafsiria yale maneno ya kitaalamu. Alisema wataipima tena baada ya majira ya baridi, na isiposhuka, vidonge havitatosha, itabidi aanze sindano. Mama mdogo alimshukuru kwa Kiingereza chake kizuri, akakata simu. Kisha akaniambia kwamba kila asubuhi kazini anawaona wazee wakipandisha nguo na kutoa tumbo, wanamngojea mwenye sindano.

"Siku nitakayoanza mimi kupandisha nguo," akasema, "nipeleke hukohuko, nipate kitanda cha pembeni."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilianza kupiga hesabu za makosa. Anakula akiwa amechelewa kwa sababu ananingoja. Ananingoja kwa sababu niko Edgware Road natafuna nyama ya mbuzi. Anakula sana kwa sababu nami siinui mkono, na siinui mkono asije akajua kwamba nilishakula. Kwa hiyo kila tonge nililolipeleka mdomoni nikiwa nimeshiba, yeye alilipeleka lake kwenye damu. Nilijaribu kurekebisha mambo kwa mlango wa nyuma. Nilinunua mchele wa rangi ya kahawia, naye akauliza kama tumeanza kufuga kuku. Nilijaribu kula polepole, lakini kula kwangu polepole kulimbakiza kwenye sinia muda mrefu zaidi. Kila asubuhi niliapa kwamba leo sipiti mkahawani, na kila jioni nilikuta mkahawa mpya uko njiani, au ambao ulikuwa njiani kama ukizunguka kidogo.

Jumamosi moja mama mdogo alisema ameombwa aingie zamu ya mchana. Mimi nikasema nakwenda maktaba kuandika maombi ya kazi. Nikapanda basi mpaka Rayners Lane, kwa sababu nilisikia karibu na stesheni kuna mgahawa wa Wahindi waliotoka Afrika Mashariki, wanaopika muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba hii ni ya mwisho.

Nilisukuma mlango, na kwenye meza ya mwisho, akiwa amenipa mgongo, alikaa mama mdogo.

Sikuhitaji kuuona uso. Nilimjua kwa jinsi alivyokuwa ameegemea, viatu vya kazi amevivua, miguu ameilaza juu yake chini ya meza. Mbele yake kulikuwa na sahani ya muhogo, kibakuli cha ukwaju, na glasi ndefu ya juisi ya embe. Nilichokiona kwanza ni ile glasi. Nilifikiria kurudi nyuma taratibu, nipande basi, nifike maktaba kwa kweli, nisimwone tena mpaka jioni. Lakini mwenye mgahawa, mzee wa Kihindi mwenye sweta, alikwisha kuniona.

"Karibu binti, ingia, unaingiza baridi," akasema kwa Kiswahili.

Mama mdogo akageuka. Mdomo ulikuwa umejaa. Akanitazama, akatafuna, akameza, kisha akafanya ambacho mtu wa kwetu hufanya hata akifumaniwa: akasogeza sahani yake kuelekea upande wangu.

"Karibu," akasema.

"Shikamoo," nikasema, ingawa tulikwisha kuamkiana asubuhi.

"Marahaba. Maktaba imehamia huku?"

"Na wazee wamehamia huku?"

Akanivutia kiti. Nikakaa. Mwenye mgahawa akaja na sahani ya pili, akaniangalia kwa furaha ya mtu aliyeonyeshwa kitu alichokuwa akikisikia tu.

"Mama, huyu ndiye?" akauliza. "Huyu ndiye yule asiyeshiba?"

Mama mdogo akamwambia alete pilipili. Mzee akaondoka akicheka.

"Unawaambia watu sishibi?" nikauliza.

"Kwani unashiba? Kila siku nakungoja uinue mkono na huinui. Nimeongeza kibaba, bado. Nimeongeza nazi, bado. Nikasema labda kazini wanamtesa huyu, hapewi nafasi ya kula. Mimi pumzi sina, nataka kunyanyuka, lakini nitamwachaje mtoto na njaa?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba nafika nyumbani nimeshakula, si mara moja moja, karibu kila siku, tangu nianze kazi. Kwamba nami nilikuwa nachota kwa ajili yake, nikimngoja yeye ainue. Nilimtajia na Waturuki, sijui kwa nini, kama vile akijua jina la mkate atanisamehe.

Aliinamia sahani yake. Nilidhani amekasirika, kisha nikaona mabega yanatikisika. Alicheka mpaka akashika meza, nami nikajikuta nacheka, watu wawili tunaolazimishana wali kila siku kwa heshima. Lakini kicheko chake kiliisha kabla ya changu, na nilipoangalia, alikuwa anaitazama glasi ya juisi.

"Nesi hajui hii," akasema.

Akanieleza kwamba alianza kuja siku moja ya mvua baada ya zamu. Siku hiyo alikuwa amewalisha wazee wanne kwa kijiko, mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao alimtemea. Aliteremka basi hapa kununua bizari, akavutwa na harufu, akaingia, akakaa. Mtu akamletea sahani. Mtu akamuuliza kama anataka pilipili zaidi. Hakuinuka kufuata kitu, hakumfuta mtu mdomo. Akarudi wiki iliyofuata, kisha akawa anakuja hata mara mbili kwa wiki. Hapo anaweza kula peke yake, akasema, kwa sababu hapo si nyumbani.

Nilimwelewa kabisa, kupita nilivyotaka. Nikafanya ninachofanya daima, nikaleta mpango. Nikamwambia tuache wali wa jioni. Kila mtu ale alipo, mapema, kidogo, yeye asiningoje tena. Nilisema juisi iondoke, na muhogo uwe mara chache. Nilisema sukari itashuka, na sindano tutaikwepa. Niliongea haraka, na yalikuwa maneno ya maana.

Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Nikiacha kupika, utarudi nyumbani saa ngapi?"

Ningeweza kusema saa ileile. Lilikuwa jibu jepesi, na labda ni kweli. Lakini mimi ni mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, na nikafikiri. Nikaiona Edgware Road na taa zake, na vioo vyake vyote ambavyo bado sijavisoma. Nilipofungua mdomo, yeye alikwisha kupata jibu lake. Akainama kuvaa viatu.

Tukarudi kwa basi. Alinishika mkono tulipokuwa tunateremka kwa sababu ya barafu, na hakuuachia mpaka mlangoni. Hiyo iliniumiza kuliko kama angenigombeza.

Sasa tunapika siku chache tu katika wiki. Siku hizo nawahi, na tunakula mapema. Tulijaribu sahani mbili kama watu wa hotelini, akasema anahisi amekaa na mpangaji, tukarudi kwenye sinia, ila dogo. Juisi ameiacha. Muhogo anasema ameupunguza, nami simuulizi, kwa sababu naye haniulizi. Nesi alipompima, sukari ilikuwa imeshuka, si sana. Akasema sindano isubiri, tutazame tena. Mama mdogo alitoka pale kama mtu aliyeachiwa kwa dhamana. Mimi nilitoka nikiwaza kwamba kama ningesema mapema, ingekuwa imeshuka zaidi.

Siku nyingine nampigia simu kutoka mkahawani, kwa sababu nimegundua kwamba nisipompigia hali chochote. Juzi nilikuwa kwa Wayemeni, nimepewa meza ya dirishani bila kuomba. Akapokea. Akauliza ninakula nini, nikasema kuku na wali, nikaona aibu kusema wali. Akauliza kama ni laini, kama wametia hiliki, kama wameniwekea na pilipili ya kusaga. Nilijibu yote. Nilisikia kijiko chake kikigonga sahani huko Hayes, naye akasema ana samaki kidogo na mchicha. Tukala, simu imelala kando ya glasi yangu ya maji ya bomba. Watu wa meza ya jirani walinitazama, na kwa mara ya kwanza sikujiuliza wanafikiri nini.

Nilikuwa namsikiliza yeye. Nilikuwa nangoja, kwa mazoea, nijue kama ameshiba ili nami niache.

"Haya, mimi nimemaliza," akasema. "Wewe endelea."

Nikamwambia hata mimi nimemaliza.

"Muongo. Nakusikia unatafuna. Kula, mwanangu, usiinue mkono kwa ajili yangu."

Akakata simu. Sahani yangu ilikuwa bado nusu, na wali ulikuwa mtamu sana, nikaumaliza.