Joka la Mama Mkwe

Vitabu ninavyovipenda kuliko vyote ni vile vyenye ramani ya nchi isiyokuwepo kwenye ukurasa wa kwanza. Nikiona tu mto unaopanda mlima badala ya kushuka, nimekwisha. Ugonjwa huo ulinianza nikiwa binti Mbeya, na nilipoolewa Iringa nilikuja na begi moja la nguo na maboksi mawili ya vitabu.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe alitoka Mgololo kuja kunisaidia. Ni mama wa kanisa, anaamka kwa sala na kulala kwa sala. Siku ya tatu akakiona mezani kitabu ninachokipenda zaidi, chenye picha ya joka jekundu kwenye jalada. Akakinyanyua kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, hiki kitu unakilaza chumba kimoja na mtoto?"

"Ni hadithi tu, Mama. Binti yatima ametumwa kuliua joka, anafika anakuta limezeeka, linaumwa magoti."

Akanitazama. "Magoti?"

"Magoti, Mama."

Akavuta kigoda, akapakata ungo wa maharage. "Haya, soma nisikie."

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, hivyo nilisoma kimoyomoyo kisha nikamsimulia kwa Kiswahili, huku nanyonyesha. Tangu siku hiyo, kila tukishakula mchana, aliniuliza, "Joka limeamkaje leo?" Akashauri likandwe kwa maji ya moto. Mfalme alipotuma askari wake, mama alisonya mpaka mtoto akashtuka.

Tatizo lilikuwa sura ya mwisho. Joka linakufa. Mimi mwenyewe nililia nilipoisoma mara ya kwanza. Tulipoifikia, nikamwona mama ameacha kuchambua, mikono imetulia juu ya maharage, nikashindwa. Nikasema joka lilipona, likahamia milimani, na binti akawa analitembelea kila Jumapili baada ya ibada.

"Kumbe na huko wanasali?"

"Wanasali, Mama."

Akarudi kwake ameridhika kabisa.

Miezi kadhaa baadaye, wifi yangu anayesoma chuo alikiazima kitabu kile, akaenda nacho nyumbani likizo. Asubuhi moja simu ikaita. Mama.

"Huyu mdogo wenu anasema joka lilikufa. Nimemwambia hajui kusoma."

Sauti yake ikashuka.

"Lilikufa?"

"Lilikufa, Mama. Nisamehe."

"Lilitaabika?"

"Hapana. Lililala tu, binti amelishika kichwa."

Nikasikia anashusha pumzi ndefu. Nilidhani atanisema, na ningestahili. Badala yake akaniuliza kama nina kingine cha namna ile, maana mwezi ujao anakuja kumwona mjukuu.

"Ninavyo vingi, Mama."

"Basi safari hii unisomee yaliyoandikwa," akasema. "Nitavumilia."