Panya Wangu na Sahani ya Baba Mkwe

Mimi kazi yangu ni panya. Cheka, ukimaliza tuendelee. Katika maabara ya chuo fulani nilikuwa nalisha panya waliozalishwa makusudi wakiwa na ugonjwa wa kusahau, unaofanana na ule wa wazee wetu. Kundi moja lilikula mafuta na sukari, jingine samaki, mboga na matunda. Kisha mmoja mmoja tuliwatia kwenye bwawa dogo la maji yaliyochanganywa na unga wa maziwa, ambamo kijukwaa kimefichwa chini kidogo ya maji. Panya anaogelea mpaka akikanyage. Kesho anarudishwa, tuone kama anakumbuka kilipo. Waliokula vizuri, wengi wao walikumbuka upesi zaidi. Lakini walioniliza ni wale wengine: wamesahau kila kitu, na bado wanapiga maji tu, hawakati tamaa. Niliwaheshimu kuliko baadhi ya mabosi wangu.

Baba mkwe alipoanza kusahau, nilichukua likizo nikaenda kukaa kwake kijijini, upande wa Kisiba. Mume wangu alikuwa na kazi yake mjini Tukuyu, anarudi jioni. Mawifi walinipokea kama mganga. "Wifi, tuambie, chakula gani kinarudisha akili? Parachichi?" Niliwajibu bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: panya si mtu, na maji yakimwagika hayazoleki. Chakula kinaweza kusaidia kulinda yaliyobaki, basi. Wakanuna.

Nikapika. Samaki kutoka Matema, maharage, majani ya maboga, ndizi, na parachichi, maana hayo huku hayana shida. Sukari kwenye chai niliipunguza kidogo kidogo, mzee asigutuke. Tatizo lilikuwa kwamba mimi sikutakiwa kumkaribia. Kwa Wanyakyusa wa umri wake, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Akitokea, mnapishana mbali. Na wala hamzungumzi. Mimi mtoto wa Morogoro mwanzoni nilichukia kweli, nikaona nadharauliwa. Mama mkwe akanicheka. "Mwanangu, hii si chuki. Ni heshima kubwa, hata macho hayaitoshi."

Kwa hiyo yeye ndiye aliyepeleka sahani, na mimi nikamjua mzee kwa kinachorudi. Samaki alirudi mifupa mitupu. Majani ya maboga yalirudi yote. Nilikasirika! Nikayakatakata nikayafukia ndani ya maharage, sahani ikarudi nyeupe.

"Jana alikula vizuri?" nilimwuliza mama mkwe asubuhi moja.

"Mla, mla leo," akanijibu, "mla jana kala nini? Hata mwenyewe hajui." Tukacheka mpaka akashika mbavu. Mama yule alijua kucheka katikati ya shida, nami nilimpenda kwa hilo.

Kisha sahani zikaanza kurudi zimejaa. Mzee alikuwa anasahau hata kula. Mkewe asipokaa naye na kumwonyesha, haoni chakula, na nguo zilianza kumpwaya. Niliogopa. Najua panya anapofika hapo kinachofuata ni nini.

Siku moja mama mkwe alikwenda msibani Ikuti pamoja na mawifi, mvua ikawazuia kurudi. Mzee hakuwa amegusa kitu tangu jana yake. Nikaweka sahani juu ya kigoda mlangoni kwake, nikajificha jikoni, nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Akatoka. Akaipita sahani. Akaenda mpaka kwenye migomba, akarudi, akapapasa ukuta, akaipita tena. Jamani! Bwawani tuna utaratibu: unasubiri, humsaidii, lakini muda ukiisha unamwongoza panya kwa mkono mpaka kwenye kijukwaa, apumzike. Nilisubiri. Halafu nikajiambia, muda umekwisha, mama. Mila zinisamehe. Nikatoka.

Akaniona. Mtu huyu asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemwuliza mkewe, "Mama, wewe ni wa nani?" Lakini aliponiona mimi aligeuza uso upesi, akashuka kando ya njia, akanipa mgongo, akasimama kwenye matope akisubiri nipite, kwa adabu zote. Machozi yakanitoka palepale. Nikajitanda khanga usoni, nikachukua kigoda na sahani, nikaviweka nyuma yake pale pale aliposimama, nikakohoa, nikakimbilia jikoni. Nilipochungulia, alikuwa ameketi anakula, majani ya maboga na yote.

Hajamaliza, mume wangu akaingia uani amelowa chapachapa. Mzee akainua macho, akamtazama mwanawe wa kwanza toka kichwani mpaka miguuni, akamsogezea sahani.

"Karibu, mgeni," alimwambia. "Njoo tule. Mkwe wangu amepika."