Chembe Isiyo na Njia

Hospitalini walimwita Mzee Mifupa, naye jina hilo hakulichukia. Miaka thelathini na moja alipiga picha za eksirei katika chumba namba nne, chumba chenye mlango mzito uliobandikwa bamba la madini ya risasi kwa ndani, la kuzuia mionzi. Alikuwa mtu wa utani. Mgonjwa akiingia anatetemeka, humwambia kwamba ameshaona mifupa ya wakubwa wote wa mji na hakukuta hata mmoja mwenye ubavu wa ziada. Sasa mtu wa namna hiyo ungemwona mwaka huu alivyokuwa akikaa kwenye benchi la korido, anauogopa mlango wa chumba chake mwenyewe.

Mashine ya zamani ilikuwa na kichaa chake. Kila ikitengenezwa, ilibidi ijaribiwe kabla ya kuwekewa mgonjwa, na wenzake walijaribia kwato ya mbuzi iliyoombwa buchani. Siku moja kwato haikupatikana. Binti yake wa miaka saba alikuwa ametoka shule anamngoja, akanyoosha mkono wake mdogo mwenyewe. Alipoona vidole vyake kwenye filamu, vyeupe, bila nyama, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Basi kwato ikasahauliwa. Mara kumi na moja Mzee Mifupa alimpiga mwanawe picha ya mkono, bila aproni ya risasi wala nini, kwa sababu tu mtoto alifurahi. Ujinga? Ujinga mtupu, na mimi sitampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Binti akakua, akawa mwalimu wa fizikia. Mama yake alisema yote hayo yalitokana na zile filamu, na baba akavimba kichwa kwa miaka. Mpaka tezi za shingoni mwa binti zilipovimba, homa ikakataa kutoka, na daktari akasema huenda ni saratani ya tezi. Neno hilo "huenda" lilimkata maini mzee. Alimvizia daktari mlangoni, akamuuliza kama mionzi ya utotoni inaweza kufanya hivyo. Daktari akamjibu kwamba picha ya mkono ni mionzi kidogo mno, na ugonjwa huu una vyanzo chungu nzima, kwa hiyo aache kujitesa. Kidogo mno! Kwani yeye aliuliza kiasi? Alichotaka kujua ni kimoja tu: ni yeye anayemuua mwanawe, au si yeye.

Jumapili mchana akaenda kwa binti. Alimkuta anasahihisha madaftari, kitambaa shingoni. Mzee akazungumzia mvua, akazungumzia bomba linalovuja, mwishowe akalitapika swali lake huku anaangalia sakafu.

Binti hakucheka wala hakulia. Alifungua kitabu anachofundishia, akamwonyesha picha za filamu. Mwanga, alimweleza, na eksirei ni ndugu wa mwanga, ukipitishwa kwenye nyufa mbili nyembamba hutua kwenye filamu nukta moja moja, kama chembe. Nukta moja hapa, nyingine kule, ovyo ovyo. Lakini ziache zifike maelfu, utaona zimejipanga michirizi, na michirizi ya namna ile hutokana na mawimbi yaliyopita nyufa zote mbili kwa pamoja. Hata ukituma chembe moja, ukangoja itue, ndipo ukatuma nyingine, michirizi itatokea vilevile. Na ukiweka kifaa cha kuchungulia kila moja inapita ufa upi, michirizi inapotea.

Mzee aliinamia zile picha muda mrefu. Filamu ndiyo iliyomlisha maisha yake yote, hakuwa na sababu ya kuibishia.

"Sasa kila moja ilipita wapi?"

"Kabla haijatua, baba, haina njia."

"Haina njia, au sisi ndio hatuijui?"

Binti akafunga kitabu. Akasema watu wamebishania swali hilo hilo karibu miaka mia, na wapo wanaoshikilia kwamba njia ipo ila imejificha. Yeye hakuwa upande wao.

"Mimi naamini haina. Hata ukijua kila kitu ulimwenguni, hii moja huwezi kujua itatua wapi. Kwa hiyo hata kama ilitoka kwenye mashine yako, hakuna aliyeielekeza kwangu. Wewe huna kosa."

Alidhani anamtua mzigo, masikini. Baba mtu alikuwa amekwenda kutafuta hukumu. Angeambiwa ni yeye, angepiga magoti, angelia, angeombwa anyanyuke, na siku moja angepata usingizi. Sasa anaambiwa jambo linaweza kumwangukia mtoto wake bila mkono wa mtu, bila hata njia ya kufikia, na hakujua tena amwombe Mungu amwepushie mwanawe nini. Akirudi nyumbani jua lilimpiga mikononi, akateremsha mikono ya shati na kufunga vifungo. Aliogopa jua, kwa kuwa nalo ni mwanga, mtu mzima yule.

Jumatano daktari akaagiza picha ya kifua, aone kama tezi za ndani nazo zimevimba. Mpiga picha mwenzake alikuwa likizo. Mzee akaomba binti apelekwe hospitali nyingine, wakaambiwa wangoje wiki mbili, na daktari akasema wiki mbili hazipo.

"Nipige wewe, baba," binti akasema.

Akamsimamisha, akamfunga aproni ya risasi kiunoni, akarekebisha mabega yake. Akaenda nyuma ya kioo. Akamwambia avute pumzi, aizuie. Kisha kidole kikakataa kubonyeza. Ni sehemu ya sekunde tu, mabilioni ya chembe, na hakuna hata moja ambayo yeyote angeweza kumwambia itatua wapi. Kupitia kioo aliyaona mabega ya binti yakianza kutetemeka, kifua kimejaa, macho yakimtazama.

Akabonyeza, maana mtoto alikuwa anaishiwa pumzi.