Chokaa Niliyosema Siikumbuki

Habari za kifo chake zilinikuta zahanati, nimenyoosha mkono napimwa presha. Mama mmoja wa mtaa wa juu aliingia, akatoa salamu, akasema mwenzenu ametutoka alfajiri ya leo. Nesi akatazama mashine yake, akaniambia, "Bibi, imepanda." Nikamuuliza ingeshukaje, na mimi sasa nimebaki peke yangu. Wanawake wa rika letu tuliokuwa tunakwenda mwambani kuchokoa pweza tulikuwa tumebaki wawili tu, mimi na yeye. Nyinyi mnaonisoma hapa mnanijua, mimi si mtu wa kumpamba maiti kwa maneno. Yule hakuwa shoga yangu. Alikuwa mkali, mbishi, na nyumbani kwa mtu aliingia kama vile kiwanja ni cha babake. Lakini nimetembea naye juu ya mwamba tangu tuko wanawali mpaka magoti yalipogoma, na mtu uliyetembea naye hivyo akifa, anaondoka na nusu ya ushahidi wako. Nusu iliyobaki ninayo mimi, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Kijijini kwetu, huku kusini mwa Kilwa, mwamba hufungwa. Miezi mitatu haingii mtu, pweza wakue, kisha kwenye maji ya bamvua, bahari ikipwa mpaka mbali, unafunguliwa na watu wote wanaingia. Mwaka jana, kabla ya kufungua, uliitishwa mkutano kwenye darasa la shule, maana pweza wamekuwa wachache na wadogo, na kila mtu alitaka kujua mchawi ni nani. Wazee tulikaa mbele kwenye madawati, magoti yamebanwa, vijana wakasimama nyuma na madirishani. Marehemu akainuka. Alisema wanaoua mwamba ni watoto wa siku hizi, na vyuma vyao na miwani yao ya kuzamia, wanabomoa nyumba nzima kwa kumtafuta pweza mmoja. Akasema, "Sisi tuliukuta mwamba mzima na tukauacha mzima." Wazee tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, na viganja vyangu vinajua kwa nini.

Hapo ndipo mjukuu wangu alipozungumza. Ni binti wa miaka ishirini na miwili, nimemlea mimi tangu anatambaa, na kwa kuzamia hakuna mwanamume anayemfikia kutoka hapa mpaka Lindi. Msinicheke, najisifu na nina haki. Huyu binti tangu mdogo mimi na yeye ni wake wenza, kama ilivyo kwetu kati ya bibi na mjukuu wa kike. Ananiita kizee kisichokufa, namwita mwizi wa mume wangu, tunacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Siku ile hakunitania. Alimwelekea marehemu kwa adabu, akasema, "Bibi yangu, vyuma tunatumia, sikatai. Lakini mwamba wa upande wa kaskazini ulikuwa umekufa kabla mimi sijazaliwa. Ule aliuua nani?" Marehemu akasema muulize bibi yako, tulikuwa wote. Macho yote yakanigeukia mimi.

Naandika sasa nilichotakiwa kusema siku ile. Mwamba wa kaskazini tuliuchoma. Tulipoolewa, nyumba ya udongo ilikuwa aibu, kila bi harusi alitaka kuta nyeupe kama za watu wa mjini. Mawe ya porini yalitosha kujengea, lakini chokaa nzuri, laini, isiyo na mchanga, ilitoka kwenye matumbawe mabichi. Basi maji yakipwa tulikwenda na mitaimbo, tukayang'oa yakiwa bado na rangi na utelezi, tukayajaza kwenye matenga na kuyabeba kichwani, maji ya chumvi yakitutiririkia mgongoni. Wanaume walipanga magogo ya minazi ufukweni, wakayapanga matumbawe juu yake, wakatia moto. Kesho yake yalikuwa meupe kama mifupa. Unamwagia maji yanachemka yenyewe, unafukia, unangoja, unapaka nyumba. Mji mzima uling'aa. Tuliimba tukiwa tumebeba, jamani. Kwetu sisi lile lilikuwa jiwe tu, na hakuna mtu aliyetuambia kwamba jiwe linaweza kuwa kitu kinachoishi. Kaskazini palipokwisha tukahamia katikati, kisha saruji ikaja kwa malori, tukaacha. Tuliacha kwa sababu ya saruji. Huruma haikuhusika.

Haya yote niliyakumbuka nikiwa pale kwenye dawati, mpaka harufu ya moshi. Nikasema, "Mjukuu wangu, sikumbuki." Mkutano ukaamua kwamba asiye na miaka thelathini haingii mwambani mpaka wazee waridhike, na wazee kuridhika mnatujua. Siku ya kufungua mjukuu wangu alisimama kwenye mchanga, nguo kavu, akatazama watu wasioweza hata kupiga mbizi wakipoteza pweza mmoja baada ya mwingine. Baada ya hapo akaanza kwenda Tingi kupalilia ufuta wa watu. Akirudi nyumbani ananiambia, "Shikamoo, bibi." Nasema marahaba. Ananiuliza nimekula nini, ananiandalia maji ya kuoga, ananifungia kanga vizuri. Adabu tupu. Mke mwenza wangu amekufa, nimebakiwa na mjukuu mwenye heshima, na sijui kama nyinyi mnaelewa ubaridi wake.

Sasa niseme la marehemu ambalo hampaswi kulikosa. Miezi kama miwili kabla ya kuugua alikuja kwangu baada ya alasiri, na papai mkononi. Akaketi barazani, mgongo ukutani, akawa anakwangua ukuta kwa ukucha na kutazama vumbi lake. Akaniambia yale maneno ya mkutanoni yamemkaa kooni, anataka kurudi mbele ya watu ayafute. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia wewe ni kungwi, umewatoa mabinti wa kijiji hiki unyagoni miaka na miaka, ukisema hili ulidanganya watakuuliza na mengine uliyowafunda ni yapi ya kweli. Nikamwambia achana nayo, yatapita. Akasema, "Kwa hiyo tumekwama, mwenzangu." Nikamjibu tumekwama. Tukalimenya papai, tukala, tukamsema mke wa fulani. Mwanamke alikuja kutafuta mlango, na mimi nikamsogezea kiti akae.

Siku ya mazishi, mwili ukiwa chumbani na wanaume wako nje wanasubiri na jeneza, akaingia mtani wake kutoka Milola. Ni mama wa makamo, kifua kipana, sauti ya kuitia watu ng'ambo. Mtani msibani hazuiliwi, hilo mnalijua. Akajifunga kanga ya marehemu, akachukua bakora yake, akasimama mlangoni akasema maiti haitoki mpaka apate haki yake. Akaanza kumwigiza, ule mwendo, ile midomo iliyobenuliwa: watoto wa siku hizi hivi, watoto wa siku hizi vile. Tulicheka huku tunalia, ndivyo msiba wetu ulivyo. Kisha akaugonga ukuta kwa bakora, kipande cha chokaa kikadondoka kwenye mkeka. Akakiokota, akamwonyesha maiti. "Ewe mwizi, pweza wanaotafutwa si hawa hapa umewapaka ukutani? Mama yangu alikuuzia mihogo ukamlipa chokaa ya mwambani. Lala salama, hakuna wa kukudai matumbawe huko uendako."

Kicheko kilikatika kama kamba. Wanawake wazima waliinamisha vichwa. Mjukuu wangu alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Aliiweka chini taratibu, akaja mpaka nilipokaa, akachuchumaa.

"Bibi, ni kweli?"

"Kweli. Na mimi nilibeba. Nyumba unayolala ni mwamba wa kaskazini."

"Ulisema hukumbuki."

"Nilikumbuka."

Aliinuka. Akarudi, akainua ndoo yake, akaipeleka ilikotakiwa.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa wazee wenzangu wanaume, baadhi yao ndio waliopanga yale magogo, nikawaambia turudi mkutanoni tuseme, watoto waruhusiwe. Wakaniambia kwanza nisimvunjie heshima maiti. Nikasema maiti alitaka mwenyewe. Wakasema hakuna aliyemsikia akitaka. Kweli, nilimsikia mimi peke yangu, tena nikamnyamazisha. Mmoja akanishika mkono kwa upole, akaniambia bibi, umri huo, akili inachanganya mambo. Nilipodai sikumbuki waliniamini wote bila swali. Leo nakumbuka, wananiambia nimezeeka.

Watu wananiuliza kila siku, wanataka niandike nani ameharibu dunia, wazee au vijana. Vijana wanavunja mwamba kwa vyuma, nimeona kwa macho yangu na simtetei mtu, hata mjukuu wangu. Sisi tuliuchoma, na kuta zetu zipo, akwangue anayetaka. Chokaa hainitoi usingizi, maana tulichoma kwa ujinga, na ujinga unaweza kusamehewa. Lile neno moja nililolisema darasani nililisema kwa akili timamu, na ndilo lililomtoa mtoto majini likampeleka kwenye jembe la watu. Kama kuna kitu nimejifunza kwa maiti yule, ni kwamba mzee hapotezi heshima kwa kosa alilolifanya akiwa kijana. Anaipoteza anapomtafuta kijana mwingine wa kulibeba. Yeye aliligundua akiwa hai na akataka kugeuka. Namwombea kwa Mungu kwa hilo kuliko kwa sala zake zote.

Mwamba umefungwa tena, na mkutano utaitishwa kabla ya kufunguliwa. Nitakwenda, wanikalishe wanapotaka, nitasema hata wakicheka. Huenda isisaidie. Nilimwambia mjukuu wangu jana, aliporudi kutoka Tingi na vumbi mpaka kwenye kope. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha. Nikangoja aniite kizee kisichokufa, aniite lolote lile baya analolijua.

Akasema ahsante, bibi. Akaniuliza kama nitahitaji maji ya moto ya kuoga.