Fundi Cherehani Aliyeipima Urusi

OMURUSHAKA, Desemba 1957

Saa mbili asubuhi ukungu bado umeifunika migomba, lakini barazani kwa fundi Gaudiosus Kahigi hapana pa kukanyaga. Wakulima wametua magunia yao ya buni, wamejibana ukutani. Mguu wa fundi unakanyaga cherehani. Jicho liko gazetini.

Anawasomea habari za Urusi.

"Fundi, hao Wakomunisti wana nguvu kweli, au ni maneno ya redio?" anauliza Eustadia, mkulima wa Kanoni aliyeleta gauni la kipaimara la binti yake.

Swali kama hilo nusura limnyang'anye kazi. Mwezi uliopita Urusi iliporusha mbwa angani, Gaudiosus aliwasomea wateja wake. Mtu akapeleka maneno kwa wazee kuwa fundi anahubiri ukomunisti. Wakaichukua cherehani yake, naye akaitwa mbele ya baraza lao.

"Nilibaki na sindano ya mkono na watoto wa kulisha," anasema. "Usingizi ulinihama."

Siku ya shauri watu walifurika, wengine kutoka kijiji cha Nyakatuntu. Mzee Rwegoshora, aliyeongoza baraza, akamwuliza kama anaisifu Urusi.

"Shikamooni, wazee wangu," akajibu. "Nchi iliyolima kwa farasi juzi tu, leo inarusha chuma angani. Ina viwanda, ina mabomu, na jeshi lake linaogopwa hata Ulaya. Nikisema ni dhaifu, nitawadanganya. Lakini mkulima wa huko huambiwa alime nini na amwuzie nani, na akinung'unika hana baraza la kumsikiliza kama hili. Mwaka jana majirani zake Wahungaria waliikataa amri yake, wakaletewa vifaru vya vita. Serikali inayowajibu watu kwa vifaru inawaogopa."

Wazee wakanong'onezana kwa Kinyambo, lugha ya kwao. Kisha Mzee Rwegoshora akasimama.

"Huyu hakusifu. Amepima. Mrudishieni cherehani yake, na asome."

Vigelegele vikapasuka. Vijana wakaibeba cherehani mabegani hadi Omurushaka, wanawake wakiimba nyuma, na fundi katikati yao akitembea kama bwana harusi.

Tangu siku hiyo wateja wameongezeka maradufu. Sasa anapanga kufungua darasa la kusoma hapo barazani.

"Nimechoka kuaminiwa," anasema. "Nataka wasome wenyewe, kisha wanibishie. Tutaanza mwakani."

Eustadia anaweka gauni chini na kulivuta gazeti.

"Mwakani ni mbali, fundi. Nionyeshe hapa, Urusi imeandikwa wapi?"